Kioo cha jiko la kuni: utando wa kahawia unatoka, lami ya pembeni na ukungu mweupe havitoki. Tatizo ni dawa au ni moto wenyewe?

#1 Binti Makete (Trondheim)

Salaam wakuu. Nyumba ninayoishi hapa Norwei inapashwa joto kwa jiko la kuni la chuma cha kusubu lenye mlango wa kioo, na kioo hicho ndicho kilichonileta jamvini. Kina madoa ya aina tatu. La kwanza ni utando wa kahawia unaotanda katikati, ambao unatoka kwa gazeti lililoloweshwa maji na kuchovywa kwenye majivu, kama jirani alivyonielekeza. La pili ni lami nyeusi, ngumu na inayong'aa, iliyoganda kwenye pembe mbili za chini, na hiyo gazeti na majivu havijaitikisa. La tatu ni ukungu mweupe, ambao kadiri kioo kinavyotakata ndivyo unavyozidi kuonekana. Muuza duka la vifaa amenishauri ninunue dawa ya kusafishia oveni. Jirani anasema dawa ni kupoteza fedha, kwa kuwa kioo kinachafuliwa na namna moto unavyowashwa. Naomba wenye uzoefu mnieleze madoa haya yanatoka wapi, na yapi yanaweza kuondoka bila kukiharibu kioo.

#2 Kuni Kavu (Sheffield)

Karibu, dada. Jibu ni kuni mbichi. Kuni yenye maji inatumia joto lake kuyachemsha maji hayo, moto unabaki baridi, moshi hauungui wote, na ule usioungua unakwenda kuganda kwenye kioo. Hapa Uingereza jambo hili limeingizwa kwenye sheria: tangu tarehe 1 Mei 2021, kuni zinazouzwa kwa mafungu ya chini ya mita 2 za ujazo haziruhusiwi kuzidi unyevu wa asilimia 20. Nunua kipima unyevu cha sindano, pima kuni zako, na mjadala utakuwa umekwisha.

#3 Mzee wa Limuru

Mjadala hauwezi kuisha kirahisi hivyo, Kuni Kavu. Huku kwetu Limuru baridi ya Julai inatulazimisha kuwasha moto sebuleni, na mimi ninachoma miwati iliyokaa chini ya bati msimu mzima wa kiangazi, kuni ambazo ukizigonga zinalia. Hata hivyo kioo kinakuwa cheusi kila ninapofunga hewa usiku ili moto udumu hadi alfajiri. Kuni ni zile zile na jiko ni lile lile. Kwa hiyo mimi ninasema hewa ndiyo kisa, na unyevu unafuata nyuma.

#4 Mkemia Mstaafu (Dar es Salaam)

Naomba kwanza tutenganishe madoa, kwa sababu mleta uzi ameyatenganisha vizuri na sisi tumeanza kuyachanganya.

Kuni inapopata joto haiungui papo hapo. Kwanza inatoa mvuke wa maji, kisha inatoa gesi na mvuke mzito wa lami, na hizo gesi ndizo zinazowaka na kutoa mwali. Zikikutana na hewa ya kutosha na joto la kutosha, zinaungua zikaisha. Zikikosa kimojawapo zinapanda na moshi, na zikigusa kitu kilichopoa kuliko zenyewe, zinaganda hapo. Kioo ndicho ukuta uliopoa kuliko kuta nyingine zote za tanuri lile, kwa kuwa upande wake wa nje unatazama sebule. Utando wa kahawia ni lami changa, laini, iliyochanganyika na masizi. Lami nyeusi inayong'aa ni hiyo hiyo iliyopashwa joto tena na tena hadi ikakauka na kuwa ngumu. Ukungu mweupe hauna uhusiano na lami hata kidogo. Huo ni suala la madini, na nitaurudia.

Sasa, Mkuu Kuni Kavu, hesabu yako kuhusu maji inahitaji marekebisho. Chukua kilo moja ya kuni mbichi ambayo asilimia 40 ya uzito wake ni maji. Kuyapasha moto na kuyageuza mvuke maji hayo, gramu 400, kunahitaji takribani megajuli 1. Gramu 600 za kuni zilizobaki zina takribani megajuli 11. Maji yanakula sehemu moja ya kumi ya joto lote. Hiyo ni hasara, lakini kwa yenyewe haitoshi kueleza kioo kuwa cheusi. Madhara makubwa ya unyevu ni kwamba yanachelewesha: kuni inakaa muda mrefu katika hatua ya kutoa mvuke bila kuwaka, tena wakati ambao kioo nacho bado ni cha baridi. Yaani unyevu na hewa vyote vinaingilia mlango mmoja.

Kuhusu majivu, jirani yako amekuelekeza vyema. Majivu ya kuni yana kabonati ya potasiamu na misombo ya kalisi, na maji yake yana nguvu ya magadi. Lami ya moshi ina tindikali ndani yake, na ikikutana na magadi inalegea. Masizi yenyewe hayayeyuki kwa kitu chochote cha nyumbani, lakini gundi iliyoyashika ikilegea, yanatoka na kitambaa.

#5 Shangazi Halima (Tanga)

Naungana na Mkemia. Sisi tumekua tukisugua masufuria kwa majivu na makumbi ya nazi, na sufuria lililoota masizi ya kuni linang'aa kama jipya. Sikuwahi kufikiri kwamba Wazungu wenye majiko ya kioo wanafanya vile vile. Lakini nina swali: je, si mchanga ulio ndani ya majivu unaofanya kazi ile? Kwetu aliyekosa majivu alichukua mchanga wa pwani, na masufuria yalitakata.

#6 Mwana wa Uvira (Portland, Maine)

Asante kwa uzi huu. Huku Maine watu wengi wanapasha nyumba kwa kuni, nasi tuliotoka Kongo na Burundi tumejifunza kwao.

Shangazi Halima, tafadhali mchanga usikaribie kioo. Ugumu wa mchanga ni 7 katika kipimo cha Mohs, na kioo kiko karibu na 6, kwa hiyo mchanga unakichora. Sufuria la alumini likichorwa halipungui kitu, lakini kioo kikichorwa, lami inayofuata inashika kwenye mikwaruzo hiyo na hapo kusafisha kunakuwa kugumu zaidi kuliko mwanzo. Kuni iliyoburutwa ardhini inaingia jikoni na udongo wake, na udongo huo unabaki kwenye majivu. Mimi ninachekecha majivu kwa kichujio cha chai na kutumia yale laini kama unga peke yake.

Kuhusu kama ni magadi au ni msuguo, niliwahi kuloweka majivu usiku, nikachuja kwa kitambaa hadi maji yakawa maangavu, kisha nikayatia kwenye karatasi ya jikoni na kuibandika juu ya doa. Utando wa kahawia ulilegea bila kusuguliwa. Lami nyeusi haikulegea.

#7 Nanga ya Juu (Mufindi)

Nasimamia nyumba ya wageni huku Mufindi, na kila chumba kina jiko la namna hii, kwa hiyo kazi ya vioo ni ya kila asubuhi wakati wa baridi. Nilirudia jaribio la Mwana wa Uvira kwa maji ya majivu yaliyochujwa na sikupata alichokipata. Utando ulibaki hadi nilipousugua kwa majivu yenyewe. Labda majivu ya misindano yana nguvu ndogo kuliko ya miti yenu ya huko. Sisi tuko jirani na msitu wa Sao Hill, misindano ndiyo inayopatikana kwa urahisi, na nina hakika kuwa utomvu wake ndio unaotuchafulia vioo. Tunapopata miwati kutoka Njombe, kazi inapungua kwa nusu.

#8 Binti Makete

Nanga ya Juu, hoja ya utomvu inanipa mashaka. Hapa Norwei watu wanachoma misprusi na misindano miaka nenda rudi, na vioo vya majirani zangu ni safi. Wanasema kuni ya msindano ikikaushwa vizuri haina ubaya wowote, isipokuwa inaisha haraka.

#9 Nanga ya Juu

Inawezekana tofauti ni ukavu. Msindano wetu unakatwa, unapasuliwa na kuchomwa katika msimu mmoja, na huku ukungu hauondoki siku nyingi. Lakini bado ninaona utomvu ukibubujika kwenye ncha za kuni na moshi mweusi ukitoka pale pale. Sitakubali kwamba moshi mweusi kiasi kile hauna mchango.

#10 Fundi wa Dohani (Bergen)

Habari zenu. Kazi yangu ni kufagia dohani na kukagua majiko, na nimeusoma uzi wote kabla ya kuandika.

Dada Makete, umesema lami ngumu iko kwenye pembe mbili za chini. Mahali doa lilipo panaeleza mengi kuliko rangi yake. Majiko ya kisasa yana mfereji juu ya mlango unaoingiza hewa na kuishusha nyuma ya kioo, ili pawe na pazia la hewa ya moto kati ya kioo na moshi. Pazia hilo lina nguvu juu na katikati, na linachoka likifika chini, hasa pembeni. Kwa hiyo weusi kidogo wa pembe za chini ni jambo la kawaida hata kwa jiko zima. Lakini kama kuna mchirizi unaoanzia ukingoni na kuelekea ndani kama mkia, hiyo ni dalili kwamba hewa baridi inapenya kwenye kamba ya mlango, ile inayoziba mwanya kati ya mlango na fremu. Hewa hiyo inavuruga pazia na kukipoza kioo mahali hapo, na lami inapata pa kutua.

Kipimo ni rahisi. Jiko likiwa limepoa, weka ukanda wa karatasi kati ya mlango na fremu, funga mlango, kisha uvute. Karatasi ikishikwa, kamba ni nzima. Ikitoka kwa ulaini, kamba imekufa mahali hapo. Zunguka mlango mzima, usiishie sehemu moja.

Halafu namna ya kuwasha. Weka magogo makubwa chini, madogo juu yake, vijiti vya kuwashia juu kabisa, na uwashe kutoka juu. Moto unashuka polepole, na gesi zinazotoka chini zinalazimika kupita kwenye mwali. Ukiwasha kutoka chini, gesi zinapanda kwenye kuni baridi na kioo baridi. Watu wengi wanaona ni kinyume cha akili hadi wajaribu. Funguo zote za hewa zibaki wazi hadi moto ushike, na mzigo usifike karibu na kioo, kwa sababu gogo linaloegemea kioo linakichafua hata likiwa kavu kama mfupa.

#11 Kuni Kavu

Fundi, nakubaliana na mengi uliyoandika, lakini ninarudi pale pale. Hiyo hewa na hiyo kamba ni sababu kwa mwenye kuni kavu. Mwenye kuni mbichi anaweza kubadilisha kamba, kuwasha kutoka juu na kufungua hewa yote, na bado kioo kitakuwa cheusi. Anzeni na kipimo.

#12 Mwana wa Uvira

Na kipimo chenyewe kinadanganya, Kuni Kavu, kisipotumiwa vizuri. Ukichoma sindano kwenye gamba au kwenye ncha ya gogo, unapima sehemu iliyokauka kwanza. Ni lazima upasue gogo na kupima katikati ya uso mpya. Huku kuna wauzaji wanaoapa kwamba kuni zao zimekaa mwaka mzima, na ni kweli zimekaa, lakini zimekaa zikiwa magogo mazima chini ya turubai, na ndani ni mbichi. Kukauka kunaanza siku kuni inapopasuliwa.

#13 Mkemia Mstaafu

Nyongeza kwa #12. Vipima vya sindano kwa kawaida vinalinganisha maji na uzito wa kuni iliyokauka kabisa, na wala si na uzito wa kuni nzima. Asilimia 25 kwenye kipima cha namna hiyo ni sawa na asilimia 20 ya uzito wote. Watu wawili wanaweza kubishana kuhusu kuni moja na wote wakawa sahihi.

#14 Kijana wa Moshi

Wakuu, mbona mnazunguka? Chukua kostiki soda au hiyo dawa ya oveni, paka, subiri, futa. Na kama lami bado inasumbua, mwagia maji kioo kikiwa cha moto, itachubuka yenyewe. Kioo ni cha kawaida kilichoimarishwa, kama cha gari.

#15 Mkemia Mstaafu

Kijana wa Moshi, naomba uniruhusu nikusahihishe bila kukukwaza, kwa sababu ushauri huu unaweza kumuunguza mtu.

Kioo hicho si cha aina ya gari. Kioo cha gari kilichoimarishwa kinapoteza uimara wake kikikaa kwenye joto la nyuzi mia tatu hivi, na mbele ya moto wa kuni kisingedumu. Cha jiko ni kioo-seramiki, ambacho ndani yake kimejaa fuwele ndogo sana zenye lithi, alumini na silika. Kilianzia Marekani mwaka 1953, pale Donald Stookey wa kampuni ya Corning alipoweka kipande cha kioo kwenye tanuri akitaka nyuzi 600, tanuri likapanda hadi nyuzi 900. Alitarajia kukikuta kimeyeyuka. Alikikuta kizima, cheupe, na kilipomponyoka na kuanguka sakafuni hakikuvunjika. Sifa yake kubwa kwa majiko ni kwamba hakitanuki kwa joto, au kinatanuka kidogo mno, na ndiyo maana maji baridi kwa kawaida hayakipasui. Lakini anayemwaga maji hayo atakutana na mvuke usoni, na chuma cha kusubu cha fremu hakina sifa hiyo, hicho kinaweza kupasuka. Kioo kisafishwe kikiwa kimepoa kabisa.

Kostiki soda inaondoa lami, sikatai. Hata dawa nyingi za oveni nguvu yake ni hiyo hiyo. Lakini inachoma ngozi na macho, inababua rangi ya jiko, inaila kamba ya mlango ikiinywa, na ikibaki kwenye kioo kisha moto ukawashwa, inakila kioo chenyewe na kuacha weupe. Na yeyote asithubutu kuchanganya dawa za kusafishia: jiki pamoja na siki inatoa gesi ya klorini, na jiki pamoja na amonia inatoa gesi nyingine yenye sumu.

#16 Binti Makete

Mkemia, umesema "kuacha weupe". Je, ukungu wangu mweupe unaweza kuwa umetokana na dawa aliyotumia mpangaji aliyenitangulia? Uliahidi kuurudia.

#17 Mkemia Mstaafu

Ndiyo, inawezekana, lakini kuna njia nyingine mbili na kwa kutazama tu ni vigumu kuzitofautisha.

Ya kwanza ni majivu mepesi yanayopeperuka ndani ya moto. Yana potasiamu, na potasiamu inalainisha majivu yakayeyuka na kushika kwenye kioo chenye joto kali. Utando wa namna hiyo ukiwa mchanga unatoka kwa siki, maana tindikali inayeyusha kabonati. Hapa siki ina kazi. Kwenye lami haina.

Ya pili ni salfa. Makaa ya mawe yana salfa, na ikiungua mbele ya mvuke wa maji inazaa tindikali ya salfa. Tindikali hiyo inanyonya lithi kutoka kwenye uso wa kioo, uso unabaki na nyufa ndogo zisizoonekana kwa macho, na mwanga ukipita hapo unatawanyika. Ukungu wa namna hiyo hautoki kwa sababu hakuna kitu juu ya kioo cha kutolewa. Kioo chenyewe ndicho kilichobadilika.

Ya tatu ni hiyo ya masalia ya dawa yaliyookwa.

Jaribu hivi: lowesha sehemu ndogo kwa siki, iache kwa muda, suuza kwa maji safi, kausha. Ikipungua, ulikuwa na madini. Isipopungua, pitisha ukucha. Ukihisi mkwaruzo, kioo kimeliwa.

#18 Kuni Kavu

Huku Uingereza nimeona vioo vingi vya namna hiyo kwenye nyumba zilizokuwa zikichoma makaa ya mawe. Tangu siku ile ile ya Mei 2021 makaa ya kawaida ya majumbani hayaruhusiwi kuuzwa kwenye mifuko England, lakini vioo vyake vingali vipo. Hakuna dawa inayovirudisha.

#19 Mama Pwani (Stavanger)

Mimi ninaishi karibu na bahari, na ninaongeza sababu ya nne: magogo yanayookotwa ufukweni. Mume wangu aliyapenda kwa kuwa ni ya bure na mwali wake una rangi nzuri. Tulipoacha kuyachoma ukungu ulikoma kuongezeka, ingawa uliokuwepo ulibaki. Tuliambiwa chumvi inaozesha pia chuma cha jiko, na moshi wake una sumu.

#20 Fundi wa Dohani

Uliambiwa kweli, Mama Pwani. Nyumba nyingi za ufukweni ninazokagua huwa na mabamba ya ndani yaliyoliwa na chumvi. Lakini kuhusu kioo nasita kidogo. Katika nyumba nyingine za pwani nimeona ukungu ule ule kwa watu wanaochoma mibetula iliyonunuliwa dukani tu, na hao walikuwa wakiwasha moto mkali sana huku sanduku la majivu likiwa wazi. Joto likizidi, majivu yanayeyushwa kwenye kioo. Kwa hiyo mtu anaweza kukimbia weusi wa moto dhaifu akaangukia weupe wa moto uliopitiliza.

#21 Mzee wa Limuru

Sasa hapo umenigusa, Fundi, kwa sababu dawa yangu ya lami ngumu ni hiyo hiyo ya moto mkali. Ninachoma mkaratusi mkavu uliopasuliwa vipande vyembamba, hewa ikiwa wazi kabisa, na baada ya saa moja hivi lami ya pembeni inabadilika rangi, inakuwa ya kijivu, kisha inatoweka. Kioo kinajisafisha. Je, ninakiharibu?

#22 Mkemia Mstaafu

Kisayansi kinachotokea ni kwamba kaboni ya lami inaungua. Inahitaji karibu nyuzi 500, na ndiyo joto linalotumiwa na oveni zinazojisafisha zenyewe. Kioo kinalimudu joto hilo bila taabu. Kama majivu yanayeyukia kioo kwa saa hiyo moja au hayayeyukii, inategemea majivu ya mti wako.

#23 Fundi wa Dohani

Na mimi ninaongeza sharti. Mwenye dohani iliyojaa lami asifanye hivyo kabla haijafagiwa. Lami iliyoganda kwenye kioo ipo pia juu ndani ya dohani, nyingi zaidi, na moto mkali unaweza kuiwasha. Moto wa dohani unaunguza nyumba. Mzee wa Limuru, wewe unayefunga hewa usiku kucha ndiye hasa ninayekuomba uite mfagiaji kwanza. Kufunga hewa kunaleta pia gesi ya kaboni monoksidi, yenye sumu na isiyo na harufu, na chumba kinapaswa kuwa na king'ora chake.

#24 Mzee wa Limuru

Nimekusikia, na fundi ataitwa wiki hii. Kuhusu kufunga hewa, nitaongeza blanketi.

#25 Kijana wa Moshi

Asante Mkemia, kostiki nimeiacha. Vipi kuhusu wembe? Lami ngumu inakwanguliwa vizuri kwa wembe kwenye majiko ya umeme ya kioo.

#26 Nanga ya Juu

Wembe mpya, ulioshikwa kwa mpini wake, ukilazwa karibu sambamba na kioo na kioo kikiwa kimelowa, unafanya kazi nzuri sana. Ndiyo njia yangu ya mwisho kwa pembe za chini. Wembe wenye pengo au kutu unachora. Stilwaya ya jikoni nimeipiga marufuku kwa wafanyakazi wangu.

#27 Mwana wa Uvira

Nanga ya Juu, kuna tahadhari moja. Vipo vioo vilivyopakwa tabaka jembamba la kurudisha joto ndani, na tabaka hilo halistahimili wembe wala unga wa kusugulia. Kabla ya wembe ni lazima kusoma kitabu cha jiko. Mimi ninaanza na magadi soda yaliyotengenezwa uji mzito, ninaupaka jioni kwenye lami, ninaufunika kwa plastiki usikauke, na asubuhi ninaufuta. Unachukua muda, lakini sijaona ukiharibu kitu.

#28 Shangazi Halima

Magadi yapi, ya dukani ya kupikia keki au magadi ya ziwani yanayouzwa sokoni?

#29 Mkemia Mstaafu

Ya keki ni laini zaidi kwa kioo na dhaifu zaidi kwa lami. Ya ziwani, kama yale ya Ziwa Magadi au Ziwa Natron, yana kabonati ya sodiamu nyingi, kwa hiyo ni makali zaidi, lakini yana chembe ngumu. Yayeyushe kwanza kwenye maji ya moto, uyaache yatulie, utumie maji ya juu.

#30 Binti Njombe

Nimekuwa nikisoma kimya, lakini kuna jambo ambalo ninyi wa Njombe na Mufindi mnaotumia majivu lazima mlisikie. Huku kwetu zinatengenezwa nguzo za umeme za mkaratusi zilizoshindiliwa dawa, na vipande vinavyokatwa au nguzo zilizochoka vinaishia jikoni kwa watu. Dawa hiyo mara nyingi ni ya shaba, kromi na aseniki. Ikichomwa, sehemu ya aseniki inatoka na moshi na nyingine inabaki kwenye majivu. Mtu akichovya kitambaa kwenye majivu hayo na kusugua kioo kwa mkono mtupu, anashika sumu. Kuni yenye rangi ya kijani isiyo ya asili isiingie kwenye jiko lolote, na hii haihusu kioo tu.

#31 Nanga ya Juu

Ahsante sana, Binti Njombe. Tunanunua kuni kutoka kwa wachuuzi na sikuwahi kuwauliza asili yake. Kuanzia kesho kila mzigo utakaguliwa kabla ya kushushwa, na majivu ya mizigo ya zamani hayatatumika.

#32 Binti Makete

Nawashukuru wote. Nimefanya majaribio mawili. Karatasi imetoka bila upinzani wowote upande wa chini kulia, na upande wa kushoto imeshikwa vizuri. Siki imepunguza ukungu katikati ya kioo, lakini karibu na bawaba haikubadilisha kitu. Kipima kimeonyesha asilimia 18 ndani ya gogo lililopasuliwa. Kwa hiyo kuni zangu ni kavu, kamba ni mbovu upande mmoja, na bado lami iko kwenye pembe zote mbili, hata ile yenye kamba nzima. Pembe ya kushoto inaelezwa na nini?

#33 Kuni Kavu

Gogo moja halitoshi. Pima ya chini ya rundo.

#34 Mzee wa Limuru

Hewa. Unafunga mapema.

#35 Fundi wa Dohani

Inaweza kuwa mojawapo, na inaweza kuwa ule uchovu wa pazia la hewa niliousema kwenye #10. Angalia pia kama mfereji wa juu umeziba kwa masizi upande wa kushoto; pitisha waya mwembamba polepole. Lakini kamba ya kulia ibadilishwe kwanza, maana kabla ya hapo kila jibu litakuwa la kubahatisha.

#36 Binti Makete

Nitaibadilisha mwenyewe. Kamba zinauzwa kwa unene tofauti, nami sijui wangu.

#37 Fundi wa Dohani

Usipime kamba ya zamani, kwa sababu imebanwa kwa miaka na imekuwa nyembamba kuliko ilivyokuwa mpya. Tazama kitabu cha jiko, au pima upana wa mfereji ambamo kamba inakaa na upeleke kipimo hicho dukani. Kwangua gundi yote ya zamani hadi chuma kionekane, na uvae barakoa, kwa kuwa kwenye majiko ya zamani sana kamba inaweza kuwa ya asbesto; ukishuku hivyo, acha na uite mtaalamu. Paka gundi ya kustahimili joto, kisha ilaze kamba bila kuivuta, maana ikivutwa inakuwa nyembamba na kuacha pengo baadaye. Funga mlango ili gundi ishike ikiwa imebanwa, kwa muda ulioandikwa kwenye chupa. Ukiwa umeshautoa mlango, kagua pia ule utepe bapa ulio kati ya kioo na fremu, na skrubu zake zikazwe kwa mkono tu. Vioo vingi nilivyovikuta vimepasuka vilipasuliwa na skrubu iliyokazwa kupita kiasi.

#38 Mama Pwani

Fundi, na skrubu zenyewe zikigoma kutoka kwa kutu?

#39 Fundi wa Dohani

Zinyunyizie mafuta ya kulegeza kutu jioni, zijaribu kesho yake, na usizilazimishe. Ikikatika moja, itabidi itobolewe na kutengenezewa hesi mpya. Kabla ya kuwasha, futa mafuta yote, la sivyo moto wa kwanza utajaza nyumba harufu.